Dakika Tisini za Kumnyima Mpira

Nilikuwa na miaka kumi na minane nilipoanza kuitwa beki, na kumi na tisa nilipoanza kumchukia mtu. Mambo hayo mawili yalikua pamoja ndani yangu, na hadi leo, ninapowafundisha wachezaji namna ya kumkaba mshambuliaji, kuna mahali sauti yangu inabadilika na wao hunitazama bila kuelewa kwa nini.

Mji wa Kindu wakati huo ulikuwa mikononi mwa waasi. Mai-Mai, wapiganaji wa vijijini waliowapinga, walikuwa msituni, pande zote. Treni ya kutoka kusini ilikuwa imeacha kuja, majani yaliota katikati ya reli, na chumvi tuliyokula ilishuka kwa ndege. Kuvuka mto kwenda Alunguli kulikatazwa wiki hii, wiki ijayo kukaruhusiwa, kisha kukakatazwa tena. Lakini mpira haukusimama. Makamanda walipenda mpira. Kila Jumapili walikaa kwenye viti vya plastiki kando ya kiwanja chetu cha udongo mwekundu, upande wa Mikelenge, bunduki zikiwa zimelazwa magotini, nasi tulicheza mbele yao kama vile hakuna kitu kingine duniani.

Mshambuliaji wetu alinizidi miaka miwili. Jina lake siliandiki hapa. Alikuwa mwepesi, mwembamba, mwenye kicheko cha mdomo mzima, na katika upande wote wa kushoto wa mto hapakuwa na beki aliyewahi kumsimamisha. Makamanda walimwita mezani kwao baada ya mchezo. Walimpa sigara ingawa havuti, naye alizipokea na kuzigawa.

Kocha, ambaye asubuhi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, alinitoa katika timu ya vijana na kuniweka katika ya wakubwa. Katika mazoezi yangu ya kwanza alinipanga nimkabe mshambuliaji huyo. Sikujua kwamba kuna watu ambao hawakabwi. Alikuja na mpira mara tatu, na mara tatu niliuchukua. Mara ya tatu alianguka chini akakaa kwenye vumbi, na kamanda mmoja aliyekuwa akipita akacheka kwa sauti kubwa, akasema, "Leo njo umepata baba yako!"

Watu wote walicheka. Yeye pia alicheka. Aliinuka, akajipangusa, akanizungushia mkono shingoni, tukatoka kiwanjani tukiwa hivyo. Nilifurahi. Nilimwalika nyumbani. Mama alikuwa amepika sombe, majani ya muhogo, na samaki aliyekaushwa wa Lokandu, kitu ambacho siku hizo hakikuonekana mara nyingi, akampakulia sahani yake kwanza, kama mgeni. Alikula vizuri. Alimuuliza mama habari za shamba. Mama akamwambia kwamba shamba lake la mpunga liko ng'ambo, nyuma ya Alunguli, na kwamba wakivuka salama hulima, wasipovuka hukaa.

"Na kijana wako anakusaidia?" akauliza.

"Ananisaidia," mama akasema. "Njo mikono yangu."

Siku mbili baadaye wanajeshi walikuja kunichukua kiwanjani. Walikuwa wanne. Mmoja aliniuliza kwa upole kabisa, "Wewe njo uko na shamba ng'ambo?"

"Ni ya mama, chef."

"Unapelekea nani chakula kule?"

"Hapana mtu. Tunalima tu mupunga."

"Utatuelezea vizuri," akasema.

Nilikaa katika kasho yao, mahali pa kufungia watu, siku nne. Ilikuwa ghala la zamani la reli, lenye harufu ya grisi na mkojo. Sitaeleza yote. Nitasema tu kwamba walinivua viatu vyangu vya kuchezea mpira, nikalazwa kifudifudi, nikapigwa nyayo kwa mkanda wa mashine, asubuhi na jioni, na kila mara waliniuliza jina la mtu wa Mai-Mai ninayempelekea mchele. Sikuwa na jina la kuwapa. Siku ya nne mama alikuja na cherehani yake juu ya mkokoteni, ile ya kukanyaga kwa miguu aliyoachiwa na mama yake, akaishusha mbele ya mlango wao. Wakaichukua, wakanitoa. Nilitembea kwa magoti hadi kwenye mkokoteni, nikarudi nyumbani nimekaa juu yake, mahali ilipokuwa cherehani.

Nyumbani mama alichemsha maji. Alinisafisha nyayo kwa maji ya chumvi, ile chumvi ya ndege, kisha akakaa kwenye kigoda.

"Nani alijua habari ya shamba?" akaniuliza.

"Majirani wote wanajua."

"Majirani wanajua toka zamani. Nani amejua juzi?"

Nilijua anamtaja nani. Akasema, "Nilimupakulia kwa mikono yangu miwili."

Bado nilitaka kutoamini. Wiki tatu baadaye, nikiwa natembea kwa fimbo, nilikwenda kutazama mchezo wa Jumapili. Nilimwona akiingia kiwanjani na viatu vyangu. Mjomba wangu alikuwa ameniletea kutoka Bukavu kabla ya vita. Kamba ya kulia ilikuwa nyeusi na ya kushoto nyekundu, kwa sababu moja ilikatika na sikupata inayofanana nayo. Hakuwa hata amebadilisha kamba. Aliniona, akanipungia mkono, akapiga mabao mawili.

Basi, nilianza kumchukia hapo, na ilikuwa chuki yenye adabu. Sikumtukana popote. Tulipokutana sokoni nilimsalimia. Nilikuwa nimeamua kwamba nitamvunja mguu. Nilichagua hata mguu, wa kulia, chini kidogo ya goti, na kila jioni nilipokuwa nakanda nyayo zangu kwa mafuta ya mawese niliona namna nitakavyofanya: ataunyoosha mguu kupiga, nami nitaingia kwa unyayo mzima, nimesimama, uzito wangu wote juu yake. Nililala na picha hiyo kama mwingine anavyolala na sala.

Nyayo zilipopona nilipata kazi ya kupakua mizigo kwenye uwanja wa ndege. Ndege za mizigo zilizokuja zilikuwa za Warusi, kuukuu, zenye matumbo makubwa, zikileta chumvi, sabuni na vitu vya wanajeshi, zikiondoka na magunia mazito ya mawe kutoka machimboni. Marubani hawakushuka sana. Aliyeshuka alikuwa fundi wao, mzee mfupi, mnene, mwenye shingo iliyoungua jua na jino moja la dhahabu, ambaye alikunywa chai nyeusi kutoka kwenye chupa ya jamu. Alikuwa amekaa Afrika miaka mingi na alijua Kiswahili cha viwanja vya ndege, chenye amri nyingi na maneno machache.

Siku moja, tukingoja ndege ipoe, nilikuwa napiga jiwe kwa mguu, mbele na nyuma. Alinitazama kwa muda mrefu.

"Wewe beki," akasema.

"Umejuaje?"

"Mshambuliaji napiga jiwe mbele. Wewe narudisha." Akajigonga kifua. "Mimi pia beki. Zamani."

"Wa mpira?"

"Hapana mpira. Barafu."

Barafu niliyoijua mimi ilikuwa ya friji ya masista, waliotupatia vipande tukiwa na homa. Alichukua chaki yake ya kuandikia namba za mizigo, akachora juu ya lami uwanja wenye pembe za mviringo na ukuta kuuzunguka. Watu watano na kipa kila upande. Viatu vyenye kisu chini. Fimbo iliyopinda mwishoni, na badala ya mpira kisahani cheusi kigumu, kinachokwenda kwa kasi ya kutoa meno. Alinionyesha jino la dhahabu. Kisha akasema kwamba alianza kujifunza juu ya mto wa mji wao.

"Juu ya mto?"

"Miezi mitano mto jiwe. Gari napita juu."

Wapakuaji wenzangu walicheka hadi wakakaa chini. Tuligeuka sote kutazama upande wa mto wetu, Lualaba, maji yake ya kahawia yakienda zake, nami nilijaribu kuyaona yamesimama, nikashindwa. Lakini mzee yule hakuwa mtu wa kutania.

Alinisimulia vipande vipande, kwa wiki nyingi, kila ndege yao ilipochelewa kuondoka. Baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha matrekta, na kiwanda kilikuwa na timu. Alipokuwa na miaka kumi na sita alichukuliwa na timu ya vijana ya kiwanda. Mama yake alifua jezi yake na kuianika nje, na baridi iliigeuza kuwa ubao. Aliiingiza ndani ikiwa imesimama, akaiegemeza ukutani kama mtu. Alipokuwa na miaka kumi na minane beki mmoja wa timu ya wakubwa aliumia, wakamweka yeye. Mchezo wa kwanza hakukigusa kisahani hata mara moja. Kocha alimkalisha benchi michezo mitano. Katika michezo hiyo mitano alijifunza kitu kimoja tu, na aliniambia ndicho alichokijua maisha yake yote: kukimbia kinyumenyume.

"Beki mubaya nakimbilia mtu," alisema. "Beki muzuri narudi nyuma, natazama mtu, mtu nakuja mwenyewe."

Mwaka uliofuata alikuwa wa kutegemewa. Watu wa mji walimjua. Ndipo walipocheza na timu ya mji mwingine, yenye mchezaji mtu mzima, mwenye ndevu. Fundi wangu aliinama karibu na ukuta kuchukua kisahani, na yule mtu akamjia kwa nyuma na kumbamiza ukutani. Mfupa wa bega ulivunjika. Alipokuwa amelala juu ya barafu alimwona yule mwenye ndevu amesimama akigonga fimbo yake chini na kucheka.

"Miezi mitatu mimi nalala na plasta," alisema. "Nafikiri kitu moja."

"Kumvunja," nikasema.

Alinitazama tofauti. "Wewe pia uko na mutu?"

Nikamweleza. Ilikuwa mara ya kwanza kumweleza mtu yeyote, na nilimweleza mgeni ambaye nusu ya maneno hakuyaelewa. Nilimwonyesha nyayo zangu. Nikamwonyesha na mahali kwenye mguu, chini kidogo ya goti.

Alikunywa chai yake. Kisha akanieleza mwisho wa habari yake. Msimu uliofuata alikutana na yule mtu, na akamvunja. Goti. Alisikia sauti yake. Alikuwa amengoja furaha, lakini uwanja mzima ulisimama kumlilia yule mwenye ndevu. Alibebwa kwenye machela watu wakimpigia makofi. Fundi mwenyewe alifungiwa kucheza, timu ikamtema, akapelekwa jeshini, na huko jeshini ndiko walikomfundisha kufunga nati za ndege. Alikuwa na miaka ishirini. Hakucheza tena.

"Yule shujaa," akasema. "Mimi munyama ya pori. Kwa nini? Mguu navunjika, wote naona. Wote nahurumia." Aliweka chupa ya chai chini. "Wewe hapana vunja. Wewe nyima. Mutu hapana damu, hapana jeraha, lakini hapana mupira. Dakika moja, dakika kumi, dakika tisini. Wote natazama, wote nasema: huyu hafai. Hapana mutu nalia."

Ningependa kusema kwamba maneno yake yalinituliza. Sivyo. Niliyapokea kama silaha nzuri kuliko ile niliyokuwa nayo.

Tulianza siku ileile. Kando ya lami kulikuwa na ukanda wa majani yaliyofyekwa, na mchana, kama hakuna ndege inayotua, alinikimbiza kinyumenyume huko, kutoka pipa la mafuta hadi pipa la mafuta. Alinijia na kipande cha bomba mkononi, akielekea kulia na kushoto, akinipigia kelele nikitazama miguu yake. "Kifua! Mguu nadanganya, macho nadanganya! Kifua hapana!" Nilianguka mara nyingi, nikachubuka mgongo. Wapakuaji walituona wote wawili vichaa. Baada ya miezi kadhaa niliweza kurudi nyuma kwa kasi ambayo wengine hukimbilia mbele, na nilijua mtu ataelekea wapi kabla hajajua mwenyewe.

Kisha siku moja ndege ilikuja na fundi mwingine, kijana, asiyejua Kiswahili. Nilimuuliza habari za mzee kwa mikono. Alionyesha angani, upande wa kaskazini, akapandisha mabega. Mzee sikumuaga.

Vita navyo viliisha, au vilisogea mbali nasi. Walikuja wanajeshi wa kigeni wenye kofia za buluu, makamanda wa viti vya plastiki waliondoka, mtumbwi ukaanza kuvuka mto kutwa nzima. Timu yetu ya zamani iliniita. Nilikataa, nikavuka kwenda Alunguli, nikamwomba kocha wa huko anipokee. Alishangaa.

"Unaacha timu kubwa kwa ajili yetu?"

"Nataka kucheza nao," nikamwambia, "na siwezi kucheza nao nikiwa kwao."

Msimu huo nilicheza vizuri kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yangu. Tulikwenda Kibombo tukashinda. Wachimba dhahabu wa Kama walikuja kwa miguu, wakacheza pekupeku, wakatupiga viwiko mchezo mzima, na hawakupata bao. Nilihesabiwa miongoni mwa mabeki wazuri wa jimbo. Lakini kwangu yote hayo yalikuwa mazoezi ya siku moja.

Siku hiyo, ya kucheza na timu yangu ya zamani, ilipokaribia, habari ilienea kwamba mwalimu wa timu kubwa ya Kisangani anakuja, amepita Lubutu, yuko njiani siku ya tano juu ya pikipiki. Alikuwa anatafuta mshambuliaji, na mji wote ulijua anamfuata nani. Huyo mwenyewe alijua kuliko wote. Alikuwa ameaga watu. Dada zake walimfulia nguo zote, begi lake lilikuwa tayari mlangoni. Niliambiwa na jirani yao, nami nilimwomba anirudie maneno hayo mara mbili.

Mama alivuka mto kuja kutazama. Hakuwahi kutazama mpira kabla. Alikaa kwenye majani, nyuma ya goli letu, na mwavuli wake.

Dakika ya kwanza mshambuliaji wao alipokea mpira akiwa amenipa mgongo, akageuka, akanikuta. Nilirudi nyuma. Alipiga chenga ya kushoto, kifua chake kilikuwa kulia, nilichukua mpira. Akacheka. Dakika ya nne ilikuwa hivyo tena. Dakika ya kumi aliacha kucheka. Alihamia winga ya kushoto, nikamfuata. Alirudi katikati kuomba mpira, nilikuwa nimeshafika. Wenzake walimpigia pasi ndefu, nikazikata. Pasi fupi, nikazikata. Baadaye wakaanza kumpita na kuwapa wengine, kwa sababu kila mpira aliopewa ulipotea, na mtu huchoka kumpa mpira anayeupoteza.

Karibu na mapumziko nafasi yangu ya zamani ilikuja yenyewe. Aliunyoosha mguu wa kulia mbele yangu kuuwahi mpira, goti limenyooka, refa akiwa mbali. Niliuona ule mfupa. Ningeweza. Niliupitishia unyayo wangu sentimita chache pembeni, nikausukuma mpira nje. Naomba mtu asifikiri nilimhurumia. Nilitaka abaki mzima. Nilitaka atembee kwa miguu yake miwili hadi dakika ya mwisho, bila jeraha la kuonyesha.

Kipindi cha pili alianza kuniomba. "Wacha kwanza, ndugu," alisema kwa sauti ya chini, tukikimbia bega kwa bega. "Kuna mutu anatazama. Niachie moja tu. Moja." Nikaukata mpira uliofuata. Dakika ya sabini alinisukuma kwa mikono miwili, refa akamwonyesha kadi ya njano. Kocha wake alitaka kumtoa, akakataa, akabaki, akazunguka zunguka kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Watu wa upande wake ndio walioanza kumzomea.

Tulitoka sifuri kwa sifuri. Watazamaji walinung'unika kwamba hawajaona mchezo mbaya kama huo. Mimi nilikuwa na furaha.

Firimbi ilipolia nilimwendea, nikampa mkono. Nilikuwa nimetafuta maneno ya saa hiyo kwa zaidi ya miaka miwili, na nilikuwa nimeyapata.

"Mama anakusalimia," nikamwambia.

Alinitazama na macho yaliyochoka. "Asante," akasema. "Umusalimie naye." Akaondoka.

Hakukumbuka. Nilisimama pale nikielewa hivyo polepole. Hakukumbuka sombe, wala shamba la ng'ambo, labda hata viatu. Nilikuwa nimempiga mtu asiyejua anapigwa kwa nini.

Mwalimu wa Kisangani alikaa siku mbili zaidi, kisha akamwomba kocha wetu namba tano. Namba tano nilikuwa mimi. Nilicheza Kisangani misimu minne, mechi nyingine nzuri, nyingine za aibu, hadi goti langu lilipojikunja lenyewe katika mazoezi, pasipo mtu kulivunja, nikarudi nyumbani. Sasa nafundisha michezo shuleni, na alasiri nawafundisha mabeki wa timu ya wasichana, ambao wanajua kurudi nyuma kuliko wanaume wote wa mji huu.

Mwaka jana, siku ya mvua, nilitoka bandarini na mfuko wa mchele, nikaita taksi-moto, pikipiki ya kukodi. Dereva alivua kofia yake. Alikuwa yeye. Kicheko kilikuwa kilekile, meno yamepungua.

"Eeh! Njo wewe, kweli?" Akawageukia madereva wenzake. "Munamuona huyu? Tulicheza pamoja! Huyu alikuwa ukuta!" Alinipandisha kwa fahari. Nikapanda, kwa sababu sikujua namna ya kukataa.

Njiani alizungumza mfululizo, kichwa kimegeuka nusu. Watoto wake, pikipiki yake, matope. Kisha akaanza habari ya mchezo ule. "Siku ile nilikuwa na malaria, ndugu. Malaria mubaya kabisa. Hapana mutu alijua. Bila malaria, ningeenda Kisangani. Labda na Ulaya."

Alisema kwa wepesi wa mtu aliyelisema jambo hilo mara elfu. Niliona kwamba hadithi hiyo ndiyo kitu pekee alichobaki nacho.

"Simama," nikamwambia.

Tulikuwa tumepita uwanja wa ndege. Alisimama, akadhani mfuko umefunguka.

"Haukuwa na malaria," nikasema. "Ilikuwa mimi. Nilijifunza miaka miwili kwa ajili yako peke yako. Nilijua mutu wa Kisangani anakufuata. Nilijua na begi yako mulangoni."

Alicheka kidogo. "Kwa nini?"

"Ulikula kwa mama yangu. Siku mbili nyuma yake, basoda wa makamanda wakanichukua. Siku nne. Kisha ukavaa godasi zangu, viatu vyangu vya mupira."

Mvua ilipungua. Aliizima pikipiki. Alitazama mikono yake juu ya usukani, na niliona jambo likimrudia, kutoka mbali sana.

"Waliniuliza nani iko na shamba ng'ambo," akasema mwishoni. "Nikasema. Nilikuwa na hasira, ulifanya watu wote wanicheke. Nilifikiri watakutisha tu. Godasi walinipa wao. Ningekataa?"

"Ungekataa."

"Sasa siku ine za kasho," akasema, na sauti yake ilipanda, "siku ine, na wewe unanikamatia maisha yangu yote?"

"Ndiyo," nikamjibu.

Alingoja niongeze kitu. Nilishuka na mfuko. Aliwasha pikipiki, akageuza, akaniacha pale barabarani na mfuko wangu, na nilimtazama hadi aliposhuka mteremko. Hakugeuka.

Nilitembea kilomita mbili kwenye matope, goti likiniuma. Nyumbani nilioga, nikala, nikalala mchana huohuo usingizi mzito hadi adhana ya alasiri. Nilipoamka nilimkuta mama barazani akipepeta mchele. Amezeeka, anaona kwa jicho moja. Nikamweleza yote.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Alilia?" akauliza.

"Hapana."

"Iko na watoto wangapi?"

Nikamwambia sikuuliza. Aliendelea kupepeta, nami nikakaa karibu naye nikiokota mawe madogo kwenye ungo, hadi mchele ulipokuwa safi.